Mitumbwi mitatu mirefu na sehemu ya chombo: kisa kutoka Maine

Mwishoni mwa Septemba 2023, watoto wakiwa wamesharudi makwao, meneja wa kambi ya watoto ya kiangazi ninayofanyia kazi hapa Maine, Marekani, alinichukua hadi banda la mitumbwi akanionyesha paa. Lilikuwa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee. Banda lingevunjwa Juni. Karibu kila kilichokuwamo kilikuwa na pa kwenda, isipokuwa mitumbwi mitatu mirefu iliyolala kifudifudi upande wa nyuma: miwili ya futi 25 na mmoja wa futi 34. Ukipata wa kuichukua, aliniambia, vizuri. Usipopata tutaikata kwa msumeno. Nikamwomba muda mpaka mwisho wa Mei, akanipa.

Mitumbwi miwili kati ya hiyo leo ina wenyewe. Mmoja hauko tena, nao ndio uliokuwa mzima kuliko yote. Nataka kueleza kisa chote, pamoja na kosa langu lililoua ule mzima, kwa sababu naamini kosa hilo hufanywa na kila mwenye huruma ya haraka anapokabidhiwa chombo kikuukuu.

Kwanza msomaji aelewe ni mitumbwi gani. Si gogo lililochongwa kama mitumbwi ya kwetu Pemba. Umbo lake limetoka kwa Wapenobscot, wenyeji wa asili wa nchi hii, na majirani zao, waliojenga mitumbwi ya gome la mti wa birchi: gome nje, ndani mbao nyembamba na mataruma, yaani mbavu za chombo, ya mwerezi. Katika miaka ya 1870 mafundi wa Bangor na mji wa Old Town, kando ya mto Penobscot, walianza kutumia turubai la pamba mahali pa gome. E. H. Gerrish wa Bangor huhesabiwa miongoni mwa wa kwanza kuijenga kwa ajili ya kuuza. Baadaye zikaja karakana kubwa, Old Town Canoe upande huu na Chestnut kule Fredericton, New Brunswick, upande wa Kanada.

Ujenzi wenyewe ni wa kustaajabisha kwa mtu aliyekulia kwenye mashua. Hapa hakuna kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao. Taruma la mwerezi, unene kama sentimita moja, hupikwa kwa mvuke mpaka linalegea, kisha hukunjwa haraka juu ya kalibu kabla halijapoa. Juu yake hupigiliwa mbao za unene wa milimita 4 hivi kwa misumari midogo ya shaba, na ncha ya kila msumari hugonga chuma, ikajikunja na kurudi ndani ya ubao. Mbao hizo hazizuii maji hata kidogo. Kinachozuia maji ni turubai lililovutwa kwa nguvu na kusuguliwa dawa ya kuziba vinyweleo, mchanganyiko wa mafuta ya kitani na unga laini wa silika, ambao zamani ulitiwa risasi nyeupe, madini yenye sumu. Nilipoiona mara ya kwanza niliwaza deheni, ile chokaa na shahamu tunayopaka matumbo ya mashua. Kazi ni ileile.

Ile mirefu huitwa mitumbwi ya vita. Haikwenda vita vyovyote. Jina lilitoka kwenye vilabu vya mashindano vya mwishoni mwa karne ya 19, kisha kambi za watoto zikaipenda kwa kuwa bweni zima liliweza kuingia katika chombo kimoja, kila mtoto na kafi lake, na asiyejua akafundishwa na mapigo ya wenzake. Kambi nyingi sasa zimeliacha jina hilo. Sisi tulisema tu "ile mirefu".

Oktoba niliikagua kwa siku tatu. Kwetu husemwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nami nilianza hivyo hivyo, kwenye ncha mbili, tezi ya nyuma na omo ya mbele, nikaishia ngamani, chini ndani ya chombo. Mtumbwi wa aina hii huoza kuanzia nchani, kwa sababu ukihifadhiwa kifudifudi maji hujikusanya kwenye makutano ya ukingo na kile kifuniko kidogo cha omo. Unachoma kwa ncha ya kisu: kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, umeoza. Ule wa kijani wa futi 25 ulikuwa na ncha kavu, mataruma manne tu yaliyopasuka, na turubai lililochakaa. Ule mwekundu wa futi 25 ulikuwa umevikwa faibaglasi, jambo lililofanywa sana miaka ya 1960 na 1970 na watu waliotaka kuepuka kubadilisha turubai. Faibaglasi hunasa unyevu kwenye mwerezi, na kuibandua ni kazi ya kupuliza hewa moto na kuvuta kwa koleo, shubiri kwa shubiri. Ule wa futi 34, kama mita 10.4, ulikuwa na mataruma zaidi ya 100. Kati ya hayo 22 yalikuwa yamevunjika, na ncha zote mbili zilikuwa zimeoza.

Turubai bovu lisimtishe mtu. Limekusudiwa kuvuliwa. Mtumbwi uliotunzwa huvaa turubai moja kwa miaka mingi, kisha huvuliwa na kuvishwa jipya, na mbao za chini zikabaki zilezile. Wengi waliokuja kutazama waliona turubai limepasuka kama ngozi ya mamba wakadhani chombo kimekufa. Kinyume chake, rangi mpya inayong'aa juu ya faibaglasi iliwavutia, na huo ndio uliokuwa mgonjwa zaidi.

Ule wa futi 34 ulikuwa na namba iliyogongwa kwenye mti wa omo, ndani, chini ya rangi. Old Town waliweka namba kwenye kila mtumbwi, na kadi za ujenzi wa miongo mingi zimehifadhiwa: urefu, aina ya mbao, rangi, tarehe ya kusafirishwa na mahali ulikopelekwa. Nilikwangua taratibu, nikasoma namba, nikaulizia kadi. Ilipokuja nilikaa chini. Mtumbwi huu ulitumwa moja kwa moja kwenye kambi yetu, na haukuwahi kuwa na mwenyewe mwingine.

Sasa makosa.

La kwanza ni tangazo. Niliandika: mitumbwi mitatu ya kale, bure, inahitaji matengenezo kidogo. Neno "bure" liliniletea simu nyingi, na neno "kidogo" lilikuwa uongo. Nililiandika kwa hofu ya kuwafukuza watu. Walikuja waliotaka kupanda maua ndani yake. Alikuja mtu na gari dogo la mizigo, akausimamia ule wa futi 34, akauzunguka mara mbili, akaondoka bila neno. Mmoja alitaka kuukata katikati, nusu mbili zisimamishwe ukutani ziwe rafu za vitabu. Mwenye mkahawa alitaka kuutundika darini.

Kuhusu huyo wa mwisho nimebadilisha mawazo tangu siku ile. Nilimkatalia kwa ukali. Lakini mtumbwi uliotundikwa darini haufi, unakauka tu, na siku moja mtu anaweza kuushusha akauvisha turubai ukarudi majini. Uliokatwa kuwa rafu haurudi. Kama nisingepata mwingine, mkahawa ungekuwa stara ya heshima, na ilinipasa kumwambia asubiri.

Niliandikia pia makumbusho mawili. Walijibu kwa upole kwamba walikwisha kuwa na mitumbwi ya aina hiyo na hawakuwa na nafasi. Sikuwalaumu. Makumbusho makubwa ya mitumbwi ya Kanada, huko Peterborough, yaliyohamia jengo jipya mwaka 2024, yana vyombo zaidi ya 600. Hakuna jumba litakaloweza kupokea kila kilichobaki kwenye mabanda ya kambi. Makumbusho huchagua chombo chenye habari ya pekee, na vingine vyote vinahitaji watu.

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Novemba walikuja vijana wawili, mke na mume, wenye furaha na maneno mazuri. Waliupenda ule wa kijani. Walipapasa mbao zake kama watu wanaopapasa mtoto. Theluji ilikuwa inakaribia, meneja alikuwa ananiuliza kila wiki, nami nilitaka kuona walau mmoja umeondoka. Sikuwauliza utalala wapi. Niliwasaidia kuufunga kwenye trela, tukatia kitambaa chekundu nyuma, wakaenda.

Wiki ileile nilimpigia baba simu Wete. Amejenga na kukarabati mashua maisha yake yote, sasa macho hayamruhusu. Baada ya shikamoo na marahaba nilimsimulia kwa fahari kwamba mmoja umepata mwenyewe.

"Vyema, mwanangu," alisema. "Na sehemu ya chombo itatoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mtu wa pwani anajua alichokuwa anauliza. Kwetu samaki wakishauzwa na gharama za safari kutolewa, kinachobaki hugawanywa mafungu. Utaratibu hutofautiana kijiji na kijiji, lakini karibu kila mahali mabaharia wana lao, nyavu zina lake, na chombo kina lake. Chombo huhesabiwa kama mtu mmoja katika safari. Fungu lake ni misumari, pamba ya kalafati, ubao wa mwakani. Mwenye chombo anayekula fungu la chombo hujulikana, na mashua yake hujulikana pia, kwa kuvuja. Baba hakuwa anauliza kama wale vijana ni wema. Alikuwa anauliza huo mtumbwi utakula nini.

Majira yale ya baridi niliutazama upya mkasa wote kwa swali hilo, na mambo yakajipanga. Kumbe wenye mapenzi walikuwa wengi, na bei haikuwa kikwazo, maana ilikuwa bure. Kikwazo kilikuwa kwamba mtumbwi wa futi 34 unamtaka mwenyewe awe na vitu ambavyo mtu mmoja hana. Unahitaji banda. Tena si banda la urefu wake tu: turubai huning'inizwa kama bembea kati ya nguzo mbili, mtumbwi hulazwa ndani yake, kisha ncha mbili huvutwa kwa mashine ya mkono mpaka kitambaa kilie, na kwa chombo cha mita 10.4 unataka nafasi ya mita 14 au zaidi. Unahitaji wiki kadhaa za kusubiri dawa ikauke kabla ya rangi. Unahitaji mikono kumi kila unapougeuza. Na ukitaka kumlipa fundi, makadirio niliyopewa yalizidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Kwa mtu mmoja chombo kama hiki ni deni. Chombo cha watu kumi na tano lazima kiende kwa watu kumi na tano.

Januari niliandika tangazo jingine. Safari hii niliandika kama daktari anavyoandika faili. Urefu, upana, kina. Namba ya omo na nakala ya kadi. Idadi ya mataruma yaliyovunjika na picha ya kila moja. Picha za ncha zilizooza, kisu kikiwa kimezama ndani. Niliandika kwamba dawa ya turubai la zamani huenda ina risasi, hivyo isipigwe msasa mkavu wala kuachwa karibu na watoto. Sikuweka bei. Niliweka maswali matatu ambayo kila anayeutaka ayajibu kwa barua: utalala wapi, nani watautengeneza, na fedha ya kuutunza baada ya hapo itatoka kwenye nini. Nikalipeleka kwenye kambi nyingine za jimbo hili na New Hampshire, kwenye shule zinazofundisha ujenzi wa mashua, na kwa wanachama wa Wooden Canoe Heritage Association, jumuiya ya wapenda mitumbwi ya mbao iliyoanzishwa mwaka 1979, ambao wengi wao wanaijua mitumbwi hii taruma kwa taruma.

Zilikuja barua nne tu. Baada ya kelele za tangazo la kwanza nilidhani nimeharibu. Lakini barua zote nne zilitoka kwa watu walioelewa wanachoomba, na mmoja aliniuliza kama mataruma yaliyovunjika yamefuatana au yametawanyika. Swali hilo peke yake lilinitosha kujua anajua kazi. Yaliyotawanyika unaweza kuyabadilisha moja moja: turubai likishavuliwa, taruma jipya lililopikwa kwa mvuke hukunjwa juu ya mgongo wa mtumbwi wenyewe, jirani na lile bovu, likapoa na kushika umbo, kisha likaingizwa ndani mahali pake. Yaliyofuatana yanaufanya mtumbwi upoteze umbo, na hapo kalibu inatakiwa.

Muulizaji huyo aliandika kwa niaba ya kambi nyingine, mwendo wa saa mbili kaskazini. Walikuwa na ghala la nyasi la mita 18, walikuwa na wazee waliopita pale utotoni wakiwa tayari kuja Jumamosi, na kila Agosti wana mashindano ambapo wazazi huchangia. Jibu lao la swali la tatu nilimsomea baba kwenye simu: nusu ya mchango wa siku hiyo itawekwa kwenye akaunti ya mtumbwi, isiguswe kwa jambo jingine. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hao wape."

Sikuwapa mpaka nimeona ghala kwa macho yangu. Niliendesha gari Februari barabarani kwenye barafu, nikapima kwa futi ya utepe.

Ule wa faibaglasi uliombwa na shule ya ufundi wa mashua iliyo pwani. Niliwaambia waziwazi kwamba huo ndio mbovu. Mwalimu wao alijibu kwamba ndio anaoutaka, maana wanafunzi wake watakutana na faibaglasi juu ya mwerezi katika kazi zao zote na ni bora wajifunzie kwenye chombo kisicho na wa kukililia. Wakimaliza watauuza kwa klabu, na fedha itanunua mbao za wanafunzi wanaofuata. Sehemu ya chombo, tena iliyo wazi kabisa.

Aprili theluji ilipoyeyuka nilikwenda kuutazama ule wa kijani.

Ulikuwa uani, chini kwenye udongo, umefunikwa karatasi ya plastiki ya bluu. Wale vijana hawakuwa na banda. Hawakunificha kitu, mimi ndiye sikuuliza. Theluji ya miezi mitatu ilikuwa imejaa juu ya plastiki ikaukandamiza. Kingo zote mbili zilikuwa zimevunjika katikati. Nilihesabu mataruma 31 yaliyopasuka, yamefuatana, na mbao za ubavu mmoja zilikuwa zimefunguka kama mkeka uliokatwa uzi. Chini ya plastiki mvuke ulikuwa umeshazaa kuvu. Mke alilia. Nilimwambia kosa ni langu, na bado nasema hivyo. Walikuwa watu wazuri waliopewa kitu ambacho mimi, niliyekijua, sikupaswa kuwapa bila kuwauliza watakiweka wapi.

Kuurudisha ule wa kijani na kuipakia mitumbwi mingine kwenye trela, niliomba majirani zangu wa Lewiston, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi. Walikuja tisa. Wanne kati yao wamekulia Uvira na Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, na hawakuhitaji kuelekezwa namna ya kubeba chombo. Mzee mmoja alipita kuanzia omo hadi tezi ya ule wa futi 34 akihesabu hatua. "Hii mutumbwi iko murefu sana," alisema, kisha akawapanga vijana kwa kimo, wafupi nchani na warefu katikati. Tuliutoa bila kuugusisha mlango. Alitaka kujua watu wangapi huingia. Nilipomwambia, alisema kwao wa hivyo ungevuka kwenda Kigoma, na sikumbishia.

Tukabaki na ule wa kijani. Nilimwuliza mwalimu wa shule ya ufundi. Alikuja na taa, akalala chini yake karibu saa nzima. Akasema unaweza kuokolewa, lakini kwa kazi hiyo angejenga mpya, na ule mwekundu ulikuwa wa muundo uleule. Maana yake ilikuwa wazi. Nilichukua siku mbili kukubali. Wapo watakaoniambia kila chombo kinastahili kusubiri mtu wake, hata miaka ishirini, na ningekuwa na banda labda ningewasikiliza. Sikuwa na banda. Chombo kinachosubiri nje kinaoza, na kikioza hata mbao zake hazimfai mwingine.

Tuliufungua kwa mkono, mimi na wanafunzi watatu, mwishoni mwa Mei. Tulichora kwanza umbo lake lote kwenye karatasi. Tukatoa viti, mbao za kukatiza, skrubu za shaba, mbao ndefu za mwerezi zilizokuwa nzima upande mmoja, na vifuniko viwili vya omo na tezi. Banda lilivunjwa Juni kama ilivyopangwa, likiwa tupu.

Ule wa futi 34 uliingia majini Julai 2025, na watoto kumi na wanne. Unavuja kidogo upande wa tezi, na akaunti yake ina fedha ya kushughulikia hilo msimu wa baridi. Ule mwekundu bado uko shuleni. Faibaglasi imetoka yote, mataruma mapya yameingia, turubai limevutwa na dawa inakauka. Kifuniko chake cha omo ndicho kile cha mtumbwi wa kijani. Mwalimu aliniuliza kama wakipake rangi kifanane na kingine. Nilimwomba wakiache kilivyo.